Muwala Hauletwi na "Aidha"

Mtahiniwa, huenda umekariri orodha ya viunganishi: aidha, vilevile, hata hivyo, hivyo basi. Ni vizuri kuvijua. Lakini mimi ninayesahihisha kazi za wanafunzi hapa Busi, wilayani Kondoa, nasema wazi: viunganishi vikimwagwa ovyo havileti muwala. Muwala hutokana na uhusiano wa mawazo, na kila somo lina namna yake ya kuuonesha.

Tuanze na Jiografia. Soma jibu hili kuhusu mmomonyoko wa udongo Kondoa: "Miti ilikatwa. Pia mifugo ilikuwa mingi. Aidha, kulikuwa na makorongo. Vilevile, mifugo iliondolewa." Kila sentensi ni kweli, lakini kila moja imesimama peke yake. Linganisha na hili: "Miti ilikatwa na mifugo ikazidi malisho, ardhi ikabaki wazi. Ardhi hiyo ilipopigwa na mvua, maji yalichimba makorongo. Ili kuiokoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi ili uoto urudi." Hapa kila sentensi inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia.

Katika Historia, tofautisha wakati na sababu. "Baada ya" si "kwa sababu ya". Ukieleza Vita vya Majimaji (1905–1907), usiishie kusema vilitokea baada ya Wajerumani kulazimisha kilimo cha pamba. Onesha jinsi kilimo hicho kilivyowaumiza wananchi hadi wakashika silaha.

Katika Baiolojia, rudia istilahi ileile. Ukianza na "kimeng'enya", usikiite "kemikali" kisha "dutu" kwa kuogopa kurudia. Msahihishaji atadhani ni vitu vitatu. Marudio hayo yangechosha katika insha ya Kiswahili, lakini katika sayansi ndiyo yanayofunga maelezo.

Najua masomo hayo unayajibu kwa Kiingereza. Wengi husingizia lugha, ilhali mara nyingi kinachowaangusha ni mpangilio. Jifunze kuunganisha mawazo kwa Kiswahili, lugha unayoimudu, kisha ufanye vivyo hivyo kwa Kiingereza.

Leo chukua insha yako moja ufute viunganishi vyote. Ikiwa msomaji bado anaona wazo moja likizaa jingine, muwala upo. Zikisambaratika, panga mawazo kwanza, ndipo urudishe viunganishi vichache vinavyohitajika.