Distro si Suala la Ladha

Mwulize mtu yeyote anayeijua Linux, mfumo wa kompyuta mbadala wa Windows, akuchagulie distro, yaani aina mojawapo ya mfumo huo, ya kuweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Karibu kila mara utapata jibu lilelile: "Inategemea unapenda nini. Kila mtu na ladha yake. Jaribu kadhaa, mwisho utaipata yako." Jibu hilo linasikika la kiungwana, kana kwamba linaheshimu uhuru wa aliyeuliza. Mimi nasema ni jibu baya. Limewakatisha tamaa watu ambao Linux ingewafaa sana, na wakati wa kuliacha umefika.

Umefika kwa sababu wanaouliza leo si wale wa zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha matunzo ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Sasa tazama mashine za mtumba zinazopangwa madukani Kariakoo au Luthuli Avenue: ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizokwisha kutumika katika maofisi ya Ulaya na Marekani. Nyingi haziufikii mstari huo. Mwenye mashine ya namna hiyo ama atabaki na mfumo ambao viraka vyake vya usalama vinaisha, ama atamwita fundi ailazimishe Windows 11 iingie mahali isipokubalika, ama atahamia Linux. Anayehamia si mpenzi wa kompyuta. Ni mwalimu anayeandaa mitihani, ni mwenye duka anayeweka hesabu zake, ni mwanafunzi wa kidato cha 4. Kumwambia mtu huyo ajaribu distro kadhaa ni kumwacha njia panda usiku.

Tuanze na hiyo ladha yenyewe. Wasikilize wanaobishana kuhusu distro nzuri na mbaya, utaona wanachogombania zaidi ni sura: menyu iko wapi, madirisha yanafunguka vipi, rangi zinapendeza kiasi gani. Mambo hayo si ya distro. Ni ya mazingira ya eneokazi, kama GNOME, KDE Plasma, Xfce na Cinnamon, ambayo mengi hutengenezwa na watu wengine kabisa na husakinishwa juu ya karibu distro yoyote. Debian inakuuliza wakati wa kuisakinisha unataka lipi kati ya hayo, na ukibadili nia mwezi ujao unaongeza jingine bila kufuta kitu. Programu nazo ni zilezile. Firefox ni Firefox, LibreOffice ni LibreOffice, VLC ni VLC.

Wataalamu wetu waliliona hili zamani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulitia nguvu zake katika kuitafsiri kwa Kiswahili programu ambayo watu wangeitumia kuandika barua na kupiga hesabu. Tafsiri ya programu ya namna hiyo haifungwi kwenye distro moja. Nguvu ziliwekwa mahali ambapo zingemfikia mtumiaji, popote alipo.

Kama sura inabadilika na programu ni zilezile, distro zinatofautiana kwa kitu gani? Zinatofautiana kwa matunzo. Distro ni kundi la watu waliojitwika kazi ya kukusanya maelfu ya programu, kuzipatanisha, na kila tundu la usalama linapogunduliwa, kuliziba na kukuletea kiraka. Unapochagua distro unawachagua watu hao. Unaamua nani ataingia katika kompyuta yenye picha za familia yako na nywila za benki yako, na ataendelea kuja kwa miaka mingapi. Nani anaweza kuliita hilo ladha?

Historia ina mafunzo ya kutosha. CrunchBang ilipendwa mno na wenye mashine dhaifu. Nguzo yake ilikuwa mtu mmoja, Philip Newborough, na alipoamua kuacha mwaka 2015, ilikwisha. Antergos ilifungwa mwaka 2019 kwa sababu waliokuwa wakiiendesha hawakuwa tena na muda. Usidhani kampuni kubwa ndiyo dawa. Mwezi Julai 2025 Intel ilitangaza kuacha Clear Linux, na viraka vya usalama vikakoma papo hapo. Mwaka 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, ambayo watu waliitegemea mpaka 2029, ingefikia mwisho wake Desemba 2021. Waliochagua kwa kupendezwa na kasi au sura walijikuta wanahamisha mafaili yao upya. Mtaalamu anahama kwa jioni moja. Mwalimu aliyesakinishiwa na mpwa wake, ambaye sasa yuko chuoni mkoa mwingine, hahami. Anabaki na mfumo uliokufa bila kujua kwamba umekufa.

Linganisha na Debian. Ian Murdock aliianzisha Agosti 1993, akaacha uongozi mwaka 1996, na mwaka 2015 alifariki dunia. Kazi haikusimama. Inabebwa na watu wapatao elfu moja wanaojitolea kutoka nchi nyingi, wanaomchagua kiongozi wao kila mwaka, na tangu 1997 wana mkataba wa maandishi unaowaeleza watumiaji watarajie nini. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Kila toleo hupata miaka 3 ya matunzo kamili, kisha miaka 2 zaidi ya viraka vya usalama. Ubuntu ya Mark Shuttleworth, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, imejengwa juu ya Debian, na matoleo yake ya LTS, yaani ya matunzo ya muda mrefu, hutunzwa miaka 5. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, imejengwa juu ya hiyo LTS, na Mint 22 itatunzwa hadi 2029. Mint pia ina toleo jingine lililojengwa moja kwa moja juu ya Debian, kwa makusudi, ili Ubuntu ikitoweka kesho watumiaji wake wasibaki hewani. Hao ni watu waliofikiria kesho ya mtumiaji. Hiyo ndiyo sifa ya kutafuta.

Miaka ya matunzo ina uzito zaidi kwetu tunaonunua intaneti kwa bando. Fedora ni kazi nzuri ya watu hodari, lakini kila toleo hutunzwa takribani miezi 13 tu, kisha lazima upande toleo jipya. Matoleo ya Ubuntu yasiyo ya LTS huishi miezi 9. Arch haina matoleo kabisa. Programu mpya humiminika kila siku, na mtu aliyekaa miezi mitatu bila kusasisha atakuta mzigo mkubwa wa kupakua, na mara nyingine mfumo unaogoma kuwaka. Kwa mtu mwenye faiba nyumbani na saa za kuchezea, sawa. Kwa familia inayohesabu megabaiti, distro inayodai kupakuliwa upya kila mara ni gharama ya kila mwezi ambayo hakuna aliyeitaja siku ya kusakinisha.

Kuna imani nyingine mbili zilizozaliwa na hii ya ladha. Ya kwanza ni wepesi: kwamba kompyuta kuukuu inataka distro nyepesi kuliko zote. Vijana wanashindana nani ana mfumo unaokula RAM kidogo zaidi ukiwa umekaa bure. Lakini hakuna anayenunua kompyuta ili ikae bure. Fungua kivinjari, weka barua pepe, YouTube na kurasa mbili tatu za habari, na kivinjari peke yake kitameza gigabaiti nzima na zaidi, iwe juu ya distro nyepesi au nzito. Zile megabaiti mia chache zilizookolewa zinapotea hapo hapo. Mwenye mashine ya mtumba atapata nafuu kubwa zaidi akiondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, na akiongeza RAM kama inaongezeka, kuliko kuhangaika na distro isiyojulikana inayotunzwa na watu watatu.

Imani ya pili inanisikitisha zaidi, kwa kuwa inawapata vijana wenye ari. Ni kuanza na Kali Linux. Kijana ameiona kwenye video za wadukuzi, imempendeza, anaiweka kwenye kompyuta pekee ya nyumbani. Kali ni zana ya wakaguzi wa usalama, na watengenezaji wake wenyewe wameandika wazi kwamba haimfai mtu anayeanza Linux wala anayetaka mfumo wa kazi za kawaida. Kijana huyo akikwama na printa au Wi-Fi, hasemi "nilichagua vibaya." Anasema "Linux ni ngumu," na nyumba nzima inamwamini. Ladha ndiyo iliyomfikisha hapo. Aliambiwa achague anachopenda, naye akafanya hivyo.

Najua nitajibiwa kwamba Linux ni uhuru, na kumchagulia mtu ni kumnyang'anya. Hoja hiyo naiheshimu, ila imewekwa mahali pasipo pake. Uhuru unaopiganiwa na mradi wa programu huria wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, ni wa kuitumia programu upendavyo, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Hakuna mahali panaposema anayeanza alazimishwe kupima mamia ya distro ndipo barua yake ichapwe. Aliyepewa mfumo imara anaweza kuuacha baada ya mwaka, akiwa na ujuzi wa kujua anaacha nini. Huyo ana uhuru wa kweli. Aliyetupwa katikati ya orodha ndefu akakata tamaa na kurudi kwenye Windows ya kukraki hakupata uhuru wowote. Na orodha zenyewe zinapotosha: ile maarufu ya DistroWatch hupanga distro kwa mara ambazo kurasa zake zimefunguliwa, wala haihesabu watu wanaozitumia.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Basi nataja langu. Kwa kompyuta ya nyumbani, weka Linux Mint: Cinnamon kama mashine ina RAM ya gigabaiti 8, Xfce kama ina 4. Faili lake la kusakinishia ni karibu gigabaiti 3, na fundi mmoja akilipakua mara moja anaweza kulitumia mtaa mzima. Kama mwenye kompyuta anataka iwekwe na isiguswe kwa miaka, weka Debian. Kwa mashine mpya kabisa ambayo vifaa vyake bado havitambuliwi, hapo ndipo Fedora ina haki ya kutajwa. Basi. Nje ya hizo, uwe na sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja, na "naipenda" isiwe sababu hiyo.

Na sisi tunaoulizwa tuna wajibu unaozidi kutaja jina. Nenda na flashi. Iwashe Linux kutoka humo bila kugusa diski, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa mbele ya mwenye mashine. Nakili mafaili yake mahali pengine kabla ya kufuta chochote. Washa masasisho ya moja kwa moja, panga programu ya Timeshift ihifadhi hali ya mfumo, umwonyeshe namna ya kurudi nyuma kitu kikiharibika. Mwandikie kwenye karatasi toleo lake litaacha kutunzwa mwaka gani. Anayekuuliza distro gani anakuomba umtwalie sehemu ya mzigo asioweza kuubeba bado. Ubebe, umpe jibu moja, na usimame nyuma yake.