Mpakato Isiyofaa Kupakatwa



Kila inapokaribia Oktoba, vijana wa Kasulu na Kibondo waliopata nafasi vyuoni hufungasha mizigo, na wazazi wao hupiga hesabu za mwisho: nauli, ada, godoro na kompyuta mpakato. Katika orodha hiyo, kompyuta ndiyo ambayo wazazi wengi huinunua kwa kutegemea neno la muuzaji na neno la mtoto, na siku hizi maneno hayo mawili yamekubaliana: inunuliwe yenye grafiki kubwa. Juma hili tumeona vyema tulifafanue jambo hilo, kwa kuwa fedha inayozungumzwa hapo ni maharage ya msimu mzima.

Chipu ya grafiki ni kiungo kinachochora kila kinachoonekana kwenye kioo. Katika kompyuta za kawaida imo ndani ya prosesa yenyewe, na viwili hivyo kwa pamoja hutosheka na wati 15 hivi. Katika kompyuta zenye nguvu huongezwa chipu ya pili, ambayo ikielemewa na kazi hula wati 80, 100, na nyingine hupita 150. Umeme huo karibu wote hugeuka joto, na chipu hufika nyuzi 80 za Selsiasi na zaidi, ndani ya kasha jembamba.

Wapo wasemao kwamba sisi tuko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ubaridi wetu unatosha. Hewa ya ubaridi husaidia kweli, lakini joto hili huzaliwa ndani, na njia yake ya kutokea ni feni na vitundu vyembamba. Ifikapo kiangazi, vumbi jekundu la barabara zetu huingia kila nyumba na kuviziba. Hapo feni hupiga kelele, chipu hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye kompyuta hubaki na chombo cha bei kubwa kinachofanya kazi ya kile cha bei ndogo.

Sasa tuitazame betri. Tuchukue betri ya wati-saa 60. Kompyuta ikitumia wati 10 kwa kuandika, itakaa saa sita. Chipu kubwa ikibaki macho bila kazi, matumizi hufika wati 20, na saa hizo huwa tatu. Ikifanya kazi nzito ya wati 80, betri huisha kwa dakika 45. Tena joto na betri ya lithiamu ni mahasimu: kadiri inavyokaa kwenye joto huku imejaa, ndivyo uwezo wake unavyopungua mwaka hadi mwaka.

Hesabu hii inatugusa zaidi sisi. Miji yetu iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, hadi ilipoungwa na gridi ya taifa kupitia Nyakanazi mwaka 2022. Hata hivyo umeme hukatika, na vijijini nyumba nyingi hutegemea sola. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, nayo ikiwa ya risasi na asidi haipendezi kuitumia zaidi ya nusu. Kompyuta inayovuta wati 150 itaimaliza nusu hiyo kwa saa nne, bila kuhesabu kinacholiwa na inveta. Wati 150 ni sawa na balbu 30 za wati 5. Kijana mmoja akicheza gemu jioni, wadogo zake watadurusu gizani.

Liko pia suala la afya. Jina lenyewe, mpakato, linatualika tuipakate kama mtoto. Tusiitikie mwaliko huo. Mwaka 2010 madaktari wa Basel, Uswisi, walieleza katika jarida la watoto la Marekani habari za mvulana wa miaka 12 aliyebadilika rangi ya ngozi ya paja kwa kucheza gemu saa nyingi kompyuta ikiwa juu yake. Meza ndiyo mahali pake. Godoro, mto na kitambaa cha kufuma huziba matundu ya hewa.

Anayenunua iliyotumika azidishe tahadhari. Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kwa udhaifu wa malighafi zake na kwa joto. Chipu hizi kwa kawaida huchomelewa kwenye ubao mkuu, hivyo ikifa, mara nyingi ubao wote hubadilishwa. Kabla ya kulipa, itumikishwe nusu saa bila chaja. Kwenye Windows iandikwe amri ya powercfg /batteryreport, ilinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Kasha likiwa limevimba, iachwe hapo hapo. Na muuzaji anayejua kasoro akainyamaza, ajue kwamba anachokiuza ni amana yake pia.

Je, chipu kubwa haina mwenyewe? Inaye. Anayesomea usanifu majengo, au anayehariri video za harusi kwa ajira, ataihitaji, naye aitunze: fundi aifungue kila mwaka vumbi litolewe, chaji ikomeshwe kwenye asilimia 80 pale mipangilio inaporuhusu, na chipu ndogo ndiyo ifanye kazi nyepesi. Lakini anayekwenda chuo cha ualimu, atakayeandika maandalio ya somo na kusoma vitabu, kompyuta nyepesi inayokaa siku nzima na chaji ndiyo itakayomfaa.

Basi mzazi na mwanawe wakae kabla ya kwenda dukani, na swali la kwanza liwe hili: utaifanyia kazi gani, na umeme wake utatoka wapi? Jibu likiwa gemu, kiasi kinachozidi kina matumizi mengine, na huenda binti wa pili naye anasubiri ada.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.