Grouchy Asibebeshwe Waterloo

Mwandishi mmoja anadai kwamba Jemadari Emmanuel de Grouchy ndiye aliyempotezea Napoleon vita vya Waterloo, kwa kuwa alisikia mizinga ikinguruma asigeuze jeshi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kweli, tarehe 18 Juni 1815, jenerali wake Gérard alimsihi aelekee mizinga inakolia, naye akakataa. Lakini mwandishi ameruka yaliyotangulia. Napoleon aliwashinda Waprusi Ligny tarehe 16, kisha akapoteza nusu nzima ya siku iliyofuata kabla ya kumtuma Grouchy na askari wapatao 33,000 wawafuate. Mvua ikavuruga njia, na Waprusi walikuwa wamekwisha kutokomea kaskazini. Asubuhi ya tarehe 18, amri ya Napoleon mwenyewe ilimwelekeza kwenye mji wa Wavre. Amri ya kumtaka asogee karibu ilimfikia jioni, akiwa tayari amekabana na adui hukohuko Wavre.

Isitoshe, kikosi cha Waprusi cha Bülow kilianza safari ya kwenda Waterloo alfajiri, saa nyingi kabla ya Gérard kusikia mzinga. Grouchy angewazuiaje watu waliokwisha kumtangulia?

Baada ya maafa, aliwarudisha askari wake Ufaransa kupitia Namur wakiwa jeshi kamili. Napoleon, akiwa kifungoni St. Helena, ndiye aliyemtupia lawama. Anayekariri lawama hizo anarudia utetezi wa mshtakiwa na kuuita hukumu.