Mabingwa wa mambo ya mbali

Katikati ya mwaka 2023, vijiwe vya Sumbawanga, kuanzia kwa bodaboda wa stendi hadi kwa wauza nafaka wa sokoni, vilikuwa na mada moja: bandari ya Dar es Salaam. Juni 10 Bunge lilikuwa limeridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai, yaliyosainiwa Oktoba 2022. Huyu anaapa kwamba nchi imeuzwa, yule anaapa kwamba hakuna kilichouzwa, ni wivu tu wa watu. Kati yao, aliyeifungua hati yenyewe ulimtafuta kwa tochi. Iliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na wengi walikutana nayo vipande vipande WhatsApp, picha ya ibara moja iliyozungushiwa wino mwekundu.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini ukimuuliza mmoja wao, "Mzee, umeisoma?" anakurudishia palepale: "Wewe kijana, umeisoma?" Na ana haki ya kuuliza. Februari 2021 Bunge hilohilo lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Miaka miwili baadaye jambo lililogusa nchi nzima likaja kwa lugha ambayo muuza nafaka hawezi kuipinga wala kuiunga mkono kwa hoja. Agosti 20 tamko la maaskofu Katoliki la kupinga makubaliano hayo lilisomwa makanisani kwa Kiswahili. Huku Ufipa, nyanda za juu zenye Sumbawanga, ambako Ukatoliki una mizizi tangu enzi za wamisionari wa White Fathers, huenda ndiyo maelezo pekee kuhusu bandari ambayo wengi waliyasikia mwanzo hadi mwisho, nayo yalikuwa ya upande mmoja.

Kelele zile, pamoja na ujinga wake, hazikwenda bure. Swali lililorudiwa sana vijiweni lilikuwa fupi: mpaka lini? Mikataba mahsusi ya bandari hiyo iliposainiwa Dodoma Oktoba 22, viongozi walihakikisha kila mtu anasikia kwamba muda ni miaka 30. Sikubaliani, basi, na wanaotaka mwananchi anyamaze kwanza hadi aelimike. Isitoshe, sehemu kubwa ya mbolea inayotumika Ufipa inaingilia bandari hiyohiyo. Jambo linamhusu hata kama hajalisoma.

Wala kusema usilolijua si ugonjwa wa wasiosoma. Wako wasomi Dar es Salaam wenye msimamo usiotikisika kuhusu Sumbawanga: radi za kutumwa, uchawi, usimkopeshe mtu wa huko. Wengi wao hawajafika hata Tunduma, iliyo njiani kuja huku.

Sasa mpeleke mkulima wa Ufipa kwenye mahindi umsikilize. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mwenye kutaka soko la nje akauze unga. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula. Katazo hilo liliikuta Rukwa, mkoa wetu wenye ziada, watu wakiwa kwenye mavuno. Bei ikaporomoka, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua sehemu tu ya ziada hiyo. Mama wa Laela, mkoani humo, mwenye magunia yake ndani hakuhitaji mchumi. Alijua mfuko wa mbolea ulimgharimu madebe mangapi msimu uliopita na mangapi msimu huu. Alijua kinu cha kijijini hakisagi unga wa kuvuka mpaka. Alijua pia kwamba mlanguzi akija na lori atataka lumbesa, gunia lililojazwa likafura na kuongezewa kilemba juu, kisha alipe bei ya gunia la kawaida. Hayo yalikuwa maoni makali yenye hesabu ndani yake, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza kabla ya kuzuia.

Kwa hiyo mtu ni yuleyule. Kinachobadilika ni jambo analolizungumzia. Na hapo ndipo penye kiini cha suala, kwa maoni yangu: bei ya kusema. Akisema nchi imeuzwa, hakuna atakayemdai ushahidi. Akisimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji akauliza fedha za choo cha shule zimekwenda wapi, mtendaji anamjua kwa jina na anajua shamba lake liko wapi. Ndiye atakayempigia muhuri barua ya dhamana wiki ijayo. Ofisi yake ndiyo yenye daftari la wakulima wa mbolea ya ruzuku. Mtu mwenye akili zake anapima, anaamua kubishana kuhusu Dubai.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano huo, na unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa ofisa siku 30 za kumjibu raia aliyeomba taarifa. Ni silaha mbili zilizolala, na serikali haijazinoa. Mwaka 2018 ilifikia kufanya utangazaji wa takwimu zinazopingana na zake kuwa kosa la jinai, ikalegeza mwaka uliofuata. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa ikakaa gizani siku kadhaa, na uvumi ukafanya kazi ya habari. Huwezi kufunga kisima kisha ukamlaumu mtu kwa kunywa maji ya dimbwi.

Lakini raia naye hatoki msafi. Karatasi ya mapato na matumizi inapobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, wanaosimama kuisoma ni wachache kuliko wanaotumiana picha ya ibara ya mkataba. Mkutano ukiitishwa, wanaume wengi wako kwenye pombe, na wanaokuja hukuta maswali yao yamesukumwa kwenye "mengineyo", ajenda ya mwisho kabisa, wajumbe wakiwa wameshaanza kusimama. Kurekebisha hilo hakuhitaji semina ya uraia wala mfadhili. Mkutano ukifunguliwa tu, kabla ya taarifa ya mtendaji, mjumbe mmoja anaweza kunyoosha mkono na kupendekeza ajenda zigeuzwe, mapato na matumizi yawe ya kwanza na maswali yafuate papo hapo. Anahitaji wa pili wa kumuunga mkono, na huyo wa pili ndiye mgumu kupatikana.