Inateleza, Sawa. Kwa Muda Gani?

Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa kule Mwanza, magrupu yetu yalijaa picha na namba moja tu: kilomita 3. Sikuona hata mtu mmoja aliyeuliza daraja lenyewe limekalia nini.

Wengi tunadhani daraja limegandishwa juu ya nguzo zake. Ingekuwa hivyo, jua lingelipasua. Zege na chuma hutanuka: kipande cha mita 100, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka sentimita 2 hivi. Kwa hiyo kati ya sakafu na nguzo huwekwa beringi. Madaraja mafupi mengi hutosheka na mpira. Marefu hutaka kitu cha kuteleza, na mara nyingi kitu hicho ni PTFE, plastiki ileile ya vikaango visivyogandisha, ambayo Roy Plunkett aliigundua kwa bahati tu huko Marekani mwaka 1938. Bamba la chuma kisichoshika kutu huteleza juu yake, na vishimo vidogo vya plastiki hiyo hujazwa grisi ya silikoni.

Hapo ndipo nina ugomvi na namna tunavyofundisha. Njia za kupunguza msuguano: mafuta, magurudumu, kulainisha. Andika, kariri, nenda mtihani. Hakuna anayeuliza: kwa muda gani? Kuteleza leo hata ganda la ndizi linaweza. Kuteleza miaka 30 chini ya malori, mchana huku, usiku kule, hiyo ndiyo kazi. Grisi huisha, plastiki hulika, mwishowe daraja linaanza kuisukuma nguzo. Beringi hubadilishwa, sakafu ikainuliwa kwa jeki, lakini lazima kwanza mtu ashuke chini kuikagua.

Mtoto wa Kibirizi anayajua haya kabla hajalijua neno msuguano. Pale mwaloni boti ikipandishwa mchangani anaona kitako kinavyochakaa. Akiingia darasani tunampa mfano wa boksi juu ya meza, tena kwa Kiingereza! Na MV Liemba je? Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, wakiwa wameshapaka injini grisi nene. Ilipoibuliwa 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. (Grisi ile ilikuwa ya kuzuia kutu, najua, msinirushie mawe. Swali la kudumu ni lilelile.)

Mtaniambia hayo hayatoki kwenye mtihani. Ni kweli, na ndiyo maana naomba kipindi kimoja tu, si mada nzima. Mnaokwenda TP mwaka huu, waambieni wanafunzi walete kandambili zilizolika. Wapime unene wa soli kisiginoni na katikati, waulizane zimevaliwa miezi mingapi, wakadirie zitatoboka lini. Rula zipo, na kandambili zilizolika hazikosekani shule yoyote.