Asilimia za miradi: Fedha iliyotumika si kazi iliyofanyika

TAARIFA za miradi mikubwa ya umma nchini Tanzania hazikosi neno moja: asilimia. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mkataba wake wa zaidi ya Sh trilioni 6.5 ulitiwa saini Desemba 2018, lilitajwa kwa asilimia mara kwa mara. Lilipangwa kukamilika Juni 2022. Hata hivyo, ujazaji wa maji ulianza Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa 2024.

Swali linaloachwa bila jibu katika taarifa za aina hiyo ni hili: asilimia ya nini? Ya muda uliopita, ya fedha zilizolipwa, au ya kazi iliyofanyika?

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikabiliana na swali hilo mwaka 1967, ilipowataka makandarasi wake kupima thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, badala ya kulinganisha bajeti na matumizi pekee.

Chukua mfano wa barabara ya kilomita 100 inayopaswa kujengwa kwa Sh bilioni 100 katika miezi 20, kwa kasi isiyobadilika. Baada ya miezi 10, Sh bilioni 50 zimetumika, kama ilivyopangwa. Katika vitabu vya mhasibu, mambo ni shwari. Lakini mhandisi akipima, anakuta kilomita 40 tu zimekamilika. Thamani ya kazi hiyo ni Sh bilioni 40.

Ukigawanya 40 kwa 50 unapata 0.8. Maana yake, kila shilingi iliyotumika imezaa kazi ya senti 80. Hali hiyo ikiendelea, gharama ya mwisho itakuwa 100 kugawanywa kwa 0.8, yaani Sh bilioni 125. Iwapo chanzo kilikuwa cha mara moja, mathalani mafuriko, na kazi iliyobaki ikafuata bajeti, makadirio yatakuwa Sh bilioni 110.

Anayeahidi kumaliza kwa Sh bilioni 100 hana budi kufanya kazi ya Sh bilioni 60 kwa Sh bilioni 50 zilizobaki. Kila shilingi italazimika kuzaa kazi ya shilingi moja na senti 20. Ahadi ya namna hiyo inahitaji maelezo, si makofi.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Vipimo vya kazi vikipikwa, makadirio nayo hupotoka. Ndiyo maana mpimaji hapaswi kuwa yule yule anayesubiri malipo.

Hata hivyo, wabunge na walipakodi wanaweza kudai takwimu tatu katika kila taarifa: kazi iliyopangwa, kazi iliyofanyika na fedha iliyotumika. Zikitolewa mapema, nakisi huonekana mradi ukiwa bado nusu, wakati marekebisho yangali yanawezekana. Zikifichwa, huonekana fedha zimekwisha na barabara haijafika.