Usiseme "Ni Kweli" Ili Urudi Nyumbani: Kesi Ndogo ya Jana na Safari Yako ya Kesho



Siku hizi karibu kila kijana tunayekutana naye baada ya swala ya Ijumaa ana mpango wa kusafiri. Huyu anaangalia Saudia au Qatar, yule Canada, mwingine anajifunza Kijerumani tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa kazi na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024. Hatuna ugomvi na hilo. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu na ardhi yake ni pana. Leo tuzungumze juu ya karatasi moja inayowakata vijana wetu miguu wakiwa tayari wameuza ng'ombe wa baba na kulipa ajenti: cheti cha polisi cha maadili mema, ile "good conduct" kila mtu anaiulizia.

Unaijua njia yake. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unaenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre au ofisi ya DCI, unasubiri. Wengi karatasi inatoka safi. Lakini kuna yule ambaye inatoka na mstari mmoja: alihukumiwa mwaka fulani, mahakama fulani, kosa fulani, faini fulani. Anashtuka. "Kumbe ile kitu bado iko?"

Iko. Na ndiyo sababu ya makala hii.

ILE KESI ULIYOSAHAU

Hebu tukumbushane hizi kesi zinatoka wapi. Kafyu ya korona ilianza 27 Machi 2020 na ikaondolewa 20 Oktoba 2021. Ni vijana wangapi wa boda walibebwa usiku kwa sababu walichelewa kufika nyumbani? Kuna msako wa Ijumaa jioni mtaani, kila aliyesimama anapandishwa lori. Kuna ugomvi wa stendi, mnatupiana maneno, mnaandikiwa kuzua rabsha. Kuna maandamano. Kuna msokoto mmoja wa bangi ulipatikana mfukoni ukiwa na miaka 19.

Jumatatu asubuhi mko kwenye seli ya mahakama, mmejaa, mna njaa, hujaoga. Mtu anakunong'oneza: "Wewe sema ni kweli. Utapigwa faini elfu mbili, utoke. Ukikataa utaenda rumande mpaka mwezi ujao." Mama yuko nje na elfu mbili aliyokopa kwenye chama. Hakimu anauliza. Unasema, "Ni kweli." Dakika tatu, kesi imeisha. Mnapanda matatu, mnarudi nyumbani, mnamshukuru Mungu.

Kesi ya chumba kile imeisha. Ya karatasi ndiyo kwanza imeanza. Uliposema "ni kweli" ulipewa hukumu, na kwa sheria yetu ya mwenendo wa jinai, kifungu cha 348, mtu aliyekubali kosa hawezi kukata rufaa dhidi ya hukumu yenyewe. Anaweza tu kulalamikia adhabu, kama ni kubwa mno au haikufuata sheria. Yaani elfu mbili ya mama ilinunua siku moja ya uhuru na ikauza miaka mingi ya safari.

Sasa shika hili na umwambie mwenzako. Kile kitisho cha rumande mara nyingi hakina miguu. Katiba ya 2010, Ibara ya 49(2), inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Kuzua rabsha, kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake ya juu ni miezi sita. Kwa hiyo ukisema "si kweli" kwa kosa kama hilo, mahakama haifai kukupeleka rumande kusubiri kesi. Ibara hiyo hiyo inakupa haki ya kunyamaza, haki ya kuongea na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo ziishe nje ya siku za kazi. Ndiyo maana msako unapenda Ijumaa jioni. Wewe hesabu mwenyewe.

Kitu kingine: hakimu hatakiwi kukimbiza "ni kweli" yako. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, sheria ni kwamba usomewe shtaka kwa lugha unayoielewa, usomewe maelezo ya kilichotokea, na upewe nafasi ya kuyakubali, kuyakana au kuyaeleza. Ukisema, "Nilikuwepo lakini sikupigana," hiyo si kukubali. Mahakama inapaswa kuandika kwamba umekana. Kama huelewi Kiingereza cha karani, sema. Kama unaelewa Kibukusu au Kisomali zaidi ya Kiswahili, sema. Hiyo ni haki yako, hakuna anayekufanyia hisani.

Sisemi ukane kosa ulilofanya. Uongo ni haramu mahakamani kama ulivyo haramu sokoni. Lakini usikiri kosa ambalo hukulifanya ili upate basi la saa nane.

UBALOZI UNAULIZA NINI HASA

Wengi wanadhani rekodi yoyote ni mlango uliofungwa. Si hivyo. Kila nchi ina mizani yake, na kesi ndogo ya zamani mara nyingi inapita ikielezwa vizuri.

Canada wanachukua kosa lako la Kenya na kulilinganisha na sheria yao. Kama ni kosa moja lisilo zito, na imepita miaka 10 tangu umalize adhabu, yaani tangu ulipe ile faini yote, wanaweza kukuhesabu kuwa umeshajirekebisha. Ikipita miaka 5, unaweza kupeleka ombi rasmi la kutambuliwa hivyo. Risiti ya faini ambayo ulitupa kumbe ilikuwa na thamani, kwa sababu inaonyesha saa ilianza kuhesabu lini.

Marekani wanaangalia aina ya kosa. Kwa makosa wanayoyaona ya kukosa uadilifu, kama wizi, kuna nafuu ya kosa dogo la mara moja. Lakini masharti yake yana mtego: wanatazama kifungo cha juu ambacho kosa hilo lingeweza kubeba, na kisizidi mwaka mmoja. Wizi wa kawaida Kenya, kifungu cha 275, unabeba mpaka miaka mitatu. Kwa hiyo hata kama wewe uliiba kuku na kupigwa faini ya elfu moja, ile nafuu haikufiki, na itabidi utafute msamaha kwa njia nyingine. Bangi nayo ni habari tofauti kabisa, nafuu hiyo haiigusi. Umeona kwa nini "ni kweli" ya haraka ni ghali?

Sasa sikiliza kuhusu uongo. Broka atakwambia, "Jaza hapana, nani atajua?" Au atakuuzia cheti safi cha kubuni. Fomu ikiuliza kama umewahi kuhukumiwa, nawe umewahi, halafu ukaandika hapana, umehama kutoka kosa dogo la zamani hadi kosa kubwa la leo. Canada, kudanganya kwenye ombi kunakufungia miaka 5. Uingereza, udanganyifu unaweza kukufungia mpaka miaka 10. Marekani, kizuizi ni cha maisha usipopata msamaha maalumu. Cheti cha kubuni nacho ni kughushi, na Kenya kughushi ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka gerezani. Faini ya elfu mbili ingeelezwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Uongo hauna barua.

Kuna ndugu wananiuliza, je, dini si imetufundisha kusitiri aibu zetu? Ndiyo. Huna haja ya kutangaza kosa lako la zamani barazani, wala kwenye status, wala kwa mchumba wa jirani. Lakini sitara ni kutojianika ovyo. Ukiulizwa swali la wazi, kwa maandishi, na mtu mwenye haki ya kuuliza, jibu ni ukweli. Mlango wa toba hautaki cheti cha DCI, na aliyetubu kwa Mola wake hana haja ya kuogopa karani wa ubalozi.

FANYA HAYA

Omba cheti chako kwanza, kabla hujampa ajenti hata shilingi. Na ajenti mwenyewe hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kama kuna rekodi, nenda masjala ya mahakama iliyokuhukumu, Kitale, Bungoma, Kimilili au Webuye, uombe nakala zenye muhuri za hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi na hukumu, pamoja na uthibitisho wa faini.

Kama uliachiliwa au kesi iliondolewa, na bado inaonekana, chukua nakala ya amri ya mahakama uipeleke DCI kwa maandishi. Ibara ya 35(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kama ulihukumiwa vibaya, rufaa ina siku 14, lakini mahakama inaweza kukubali rufaa iliyochelewa ukiwa na sababu nzuri. Na kama "ni kweli" yako ilichukuliwa kinyume cha sheria, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuipitia upya kesi ya hakimu. Kitale iko, Bungoma iko. Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa ya kuwasaidia wasio na uwezo. Iulizie.

Kama hukumu ilikuwa ya haki, andika barua fupi: nini kilitokea, ulilipa lini, umefanya nini tangu hapo. Ambatisha barua ya imamu, ya chifu, ya mwajiri. Kadhi hawezi kukufutia rekodi, hayo si mamlaka yake, lakini jamii yako inaweza kukushuhudia.

SHERIA TUNAYOIDAI

Mpaka hapa nimekwambia ufanye nini wewe. Lakini haitoshi kila kijana abebe mzigo huu peke yake.

Uingereza, walioturithisha sheria hizi za jinai, wana sheria tangu 1974 inayofanya hukumu ndogo ihesabike imekwisha baada ya muda. Afrika Kusini, mtu wa kosa dogo anaweza kuomba rekodi ifutwe baada ya miaka 10. Sisi Kenya mtu mzima hana sheria kama hiyo. Kilichopo ni kumwandikia Rais ombi la huruma chini ya Ibara ya 133. Rais mzima, kwa ajili ya ugomvi wa stendi!

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji, zile za kukamata mtu kwa sababu ya hali yake, zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Kijana maskini ndiye anayekamatwa, na kijana maskini ndiye anayehitaji kusafiri.

Wapo wanaosema mwajiri ana haki ya kujua. Sawa. Aliyebaka, aliyeua, aliyepora kwa silaha, rekodi yake ibaki. Hatuombi hilo. Tunaomba kwamba mtu wa faini au kifungo kifupi, akikaa miaka mitano bila kosa jingine, cheti chake kisome safi. Mtoto wa waziri hana rekodi ya rabsha kwa sababu kesi yake huishia kituoni. Wewe yako ilifika kwa hakimu. Hiyo ndiyo tofauti yenu.

Na asikwambie mtu kwamba haiwezekani. Panda matatu kutoka Kitale ukielekea kaskazini, si mbali, utafika Kapenguria. Hapo, Aprili 1953, Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Mawakili wake walikuwa wakilala Kitale kwa sababu Kapenguria hapakuwa na mahali pa kuwalaza. Sheria ya wakati ule ilimzuia mtu aliyefungwa zaidi ya miaka miwili kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1961 sheria hiyo ikabadilishwa, na Januari 1962 Kenyatta akaingia. Kiongozi wa kwanza wa nchi hii alikuwa na rekodi, na nchi ilibadilisha sheria ili rekodi isimzuie. Kama iliwezekana kwa mtu wa miaka saba, itashindikanaje kwa kijana wa elfu mbili?

Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Tunaandaa ombi hilo. Tunahitaji sahihi zako, na zaidi ya sahihi tunahitaji kesi zenyewe: nakala ya cheti, mwaka, kosa, faini, na safari iliyokwama. Jina lako litabaki siri yetu, hiyo ndiyo sitara. Tuandikie inbox ya ukurasa huu, au mwone kijana wetu msikitini baada ya Ijumaa, Kitale au Bungoma.

Na ukiwa na mdogo wako wa miaka 18, 19, msomee ile sehemu ya Ibara ya 49 leo usiku, kabla hajasimama mbele ya hakimu.

Wabillahi tawfiq.